Kituo Kimoja, Faili Moja: Mwongozo wa Kujiandikisha kwa Daktari wa Familia Unguja na Pemba

Mtu mwenye presha anaweza kupita sehemu nne ndani ya mwaka mmoja: kituo cha afya cha shehia, duka la dawa la mtaani, kliniki binafsi mjini, na hospitali kubwa siku anapozidiwa. Kila mahala anaandikiwa dawa, na hakuna hata mahala pamoja wanapojua ameandikiwa nini kwengine. Ndipo mtu anapojikuta anakunywa dawa moja kwa majina mawili, au anatumia kwa miezi dawa ya maumivu inayoipandisha presha ileile anayoitibu.

Dawa ya hali hiyo ni kuchagua kituo kimoja kiwe chako: faili moja, na mtu mmoja au timu moja ambayo kila jambo la afya yako linaanzia kwao na kurudi kwao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukichagua, siku ya kwanza inavyokwenda, na makosa yanayowakwamisha watu baadaye.

Nani hasa ni daktari wa familia

Utabibu wa familia ni ubingwa unaojitegemea. Daktari anamaliza kwanza masomo ya udaktari ya miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha anarudi chuoni kusomea fani hii. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, ni miongoni mwa wanaoifundisha. Mabingwa wake ni wachache, na kuwasubiri wao peke yao ni kujinyima. Kazi ya kuijua familia inafanywa vizuri pia na daktari wa kawaida, na ofisa tabibu mzoefu, hata na muuguzi wa kituo cha afya, ikiwa mambo matatu yapo: faili linahifadhiwa, mtu yuleyule anapatikana tena, na anaujua mpaka wa uwezo wake. Anayesema “hili si langu, nakupeleka mbele” ni wa kushikamana naye.

Kuchagua kituo

Anza na kilicho karibu. Kituo kizuri kilicho safari mbili za daladala utakiendea ukiwa mzima na utakikosa ukiwa na homa. Kama hujui kituo cha serikali kinachohudumia eneo lako, muulize sheha au mhudumu wa afya ya jamii anayepita majumbani.

Kisha nenda siku usiyoumwa, baada ya msongamano wa asubuhi kupungua, uulize mapokezi:

1. Mafaili mnayaweka nyinyi au kila mgonjwa anakuja na daftari lake?
2. Nikitaka kuonana na daktari yuleyule kila mara, yupo siku gani na saa ngapi?
3. Maabara yenu inapima nini hapahapa, na nini mnapeleka nje?
4. Kuna daktari au ofisa tabibu wa kike, na siku zake ni zipi?
5. Ikitokea jambo usiku au sikukuu, mnaelekeza wapi?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Kituo kisichoweka mafaili si lazima kiwe kibaya, lakini hapo kumbukumbu yote ni juu yako, na daftari lako likirowa mvua au likisahaulika kwa bibi kule Wete, historia yako imekwenda nalo. Basi kila ukitoka chumba cha daktari, piga picha ukurasa ulioandikwa na umtumie mtu mmoja wa nyumbani aihifadhi.

Kwa kliniki binafsi, angalia kama leseni imetundikwa na mwaka wake haujapita. Uliza gharama ya kumuona daktari, na uliza hasa kama kurudi na majibu ya vipimo kunalipiwa upya. Wengi wanapima, hawarudi na majibu kwa kukimbia malipo ya pili, na kipimo kinakuwa hakina faida.

Malipo na bima

Matibabu katika vituo vya serikali yamejengwa juu ya sera ya huduma bila malipo iliyokuja baada ya Mapinduzi ya 1964. Hata hivyo, jiandae kwa siku ambayo dawa haipo dirishani ukaambiwa ukanunue nje. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2023 na ulianza na watumishi wa umma. Kama wewe au mwenza wako ni mwanachama, hakikisha mambo mawili kabla ya kuumwa: kituo unachokitaka kimo katika orodha ya wanaopokea mfuko huo, na wategemezi wako wote wameingizwa. Mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita haingii mwenyewe. Lazima mtu akamuandikishe.

Jina, jambo dogo linalopoteza mafaili

Visiwani majina yanafanana sana. Kombo Hamad Kombo wanaweza kuwa watatu katika shehia moja, na Fatma mmoja ameandikwa Fatuma kwenye kadi ya bima. Mafaili yanachanganyika hapo, na faili likichanganyika, dawa na mzio vinachanganyika nalo. Tumia majina matatu kama yalivyo kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, herufi kwa herufi, kila mahala. Toa tarehe ya kuzaliwa, na kwa mzee asiyeijua, chagueni ile iliyo kwenye kitambulisho chake na msiibadilishe tena. Toa namba mbili za simu: yako, na ya mtu anayepokea hata usiku. Namba ya faili uliyopewa iandike nyuma ya kadi na kwenye simu.

Mkoba wa siku ya kwanza

Chukua kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, kadi za kliniki za watoto, karatasi zozote za kutoka hospitali, majibu ya vipimo hata ya zamani, na dawa zote. Dawa zote maana yake kila kitu kinachoingia mwilini kwa ajili ya afya: vidonge vya daktari, vya dukani, sindano ya uzazi wa mpango, pampu ya pumu, matone ya macho, habasoda, mwarobaini, unga uliopewa na mganga. Usitangulie kuchambua kipi cha kumuonesha na kipi cha kumficha. Habasoda kwa wingi pamoja na vidonge vya sukari inaweza kuishusha sukari kuliko ilivyokusudiwa, na daktari asiyejua ataishia kulaumu dawa yake mwenyewe.

Lete dawa na pakiti zake. Vidonge vyeupe ndani ya kibahasha kilichoandikwa “1×3” na hakuna zaidi havimuelezi mtu kitu. Vidonge vyeupe vya duara ni vingi mno. Kuanzia leo, ukinunua vidonge vya kuhesabiwa, mwambie muuzaji aandike jina la dawa na miligramu zake kwenye kibahasha. Amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5 na ya 10 ni dawa moja, lakini mtu aliyebadilishiwa bila kujua amepandishiwa dozi mara mbili.

Dawa za maumivu ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa sababu watu hawazihesabu kuwa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, wanazokunywa wazee wetu kwa magoti na kiuno, zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuchubua tumbo hadi kutoa damu. Ukizitumia hata mara mbili kwa wiki, sema.

Andika pia karatasi moja ya familia: nani ana presha, sukari, pumu, siko seli, kifafa, saratani, nani alipooza au alikufa ghafla, na akiwa na umri gani. Baba aliyepata kiharusi akiwa na miaka 45 ana uzito tofauti na babu aliyekipata akiwa na 80. Kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, andika ilifanya nini: vipele, kuvimba mdomo, kukosa pumzi, au kichefuchefu tu. Daktari anahitaji kujua kama huo ni mzio wa kweli wa penisilini au dawa zenye salfa, au tumbo lilikataa siku ile.

Chumbani na daktari

Jambo kubwa liseme mwanzo. Kuna mazoea ya kuanza na kikohozi, kisha mafua, na mkono ukiwa tayari kwenye kitasa ndipo mtu anaposema ana uvimbe kwenye titi au anakojoa damu. Kwa wakati huo daktari ameshamuita mgonjwa mwengine. Andika mambo matatu kwenye karatasi, la kutisha zaidi liwe la kwanza, na kama unaona haya kulitamka, mpe karatasi aisome.

Ziara ya kwanza inatakiwa ikuachie kumbukumbu za msingi: uzito, urefu, presha, na kwa mtu mzima sukari na mkojo. Presha ndiyo inayopimwa vibaya mara nyingi, na unaweza kuisaidia wewe mwenyewe. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi. Mkono wa abaya ukikunjwa hadi ukabana juu ya kiwiko, kipimo hakiaminiki. Siku hiyo vaa ndani nguo ya mikono mifupi au iliyo pana. Wakati wa kupimwa usizungumze, na nesi akikuuliza swali, jibu baadaye. Vipimo viwili, vikiachana dakika moja au mbili, ni bora kuliko kimoja. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unatoa tarakimu ya juu kuliko ukweli. Uliza kama wanao mkubwa.

Kipimo cha presha kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kwa kawaida unarudi kupimwa siku nyengine kabla ya kuitwa mgonjwa wa presha, isipokuwa kipimo kiwe juu sana au una dalili za hatari. Waulize tarakimu na uziandike. “Iko juu kidogo” si jibu la kuweka kwenye faili.

Kabla hujatoka, rudia kwa maneno yako: naumwa nini, nakunywa dawa gani na lini, narudi lini, na dalili gani ikitokea nisisubiri siku hiyo. Ukikosea, daktari atakurekebisha hapohapo.

Vipimo

Sukari ya kufunga inataka saa nane bila chakula wala chai, lakini maji matupu yanaruhusiwa. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kinaashiria kisukari, na kinarudiwa kuthibitishwa kama huna dalili. Chai moja yenye sukari saa 12 asubuhi inaharibu kipimo chote. Kama umekunywa, sema, usinyamaze.

Mkojo wa kuangalia kichocho una saa yake. Mayai ya vimelea hutoka kwa wingi zaidi katikati ya mchana, baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na matone ya mwisho ya mkojo yasiachwe. Mtoto wa skuli anayecheza kwenye mito na mabwawa ya Pemba, au sehemu za Unguja zenye maradhi hayo, akipeleka mkojo wa alfajiri anaweza kuambiwa mzima ilhali anaumwa.

Ukiwa na homa, sema ulikuwa wapi wiki mbili hadi nne zilizopita. Malaria imepungua sana visiwani, na wengi wanaokutwa nayo wamesafiri Tanzania Bara. Usinunue dawa mseto kabla ya kupimwa: kama si malaria, ugonjwa wenyewe unaendelea bila kutibiwa, na kama ni malaria, kituo kinahitaji kukusajili ili wenzako wa nyumbani nao wafuatiliwe.

Ukimaliza kupimwa, usikubali kauli ya “kama kuna tatizo tutakupigia”. Uliza majibu yanatoka lini na uyafuate mwenyewe.

Dawa za kudumu na Mwezi Mtukufu

Rudi kuchukua dawa zikiwa zimebaki za siku saba, wala usisubiri cha mwisho. Boti ikisimama kwa upepo au dawa ikiwa imekwisha kituoni, hizo siku saba ndizo kinga yako. Presha ikishuka hadi kawaida, dawa ndiyo iliyoishusha. Kuiacha bila kuuliza kunairudisha.

Anayeishi na kisukari na anakusudia kufunga aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Sehemu hii inahitaji mazungumzo marefu, na kila mgonjwa ana yake. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi na insulini zinaweza kumuangusha mtu alasiri. Mara nyingi dozi nzito inahamishiwa futari na ya daku inapunguzwa, lakini kiasi gani anajua daktari aliyeona vipimo vyako, si jirani anayetumia dawa kama hiyo. Mwenye presha anayekunywa vidonge vya kukojosha naye aulize, maana kwenye joto la mchana mwili unakauka upesi.

Pima sukari ukiwa umefunga. Wanazuoni wengi wanaona kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Fungua mara moja ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita au juu ya 16.6, au ukitetemeka, ukitoka jasho baridi, au ukichanganyikiwa, hata kama imebaki nusu saa adhana iadhiniwe. Sukari ikiwa chini na mtu anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Wenye kisukari wakiwa wajawazito, na wanaosafishwa damu, wamo katika hatari kubwa. Waambiwe wazi na wasione kwamba wamepungukiwa na kitu kwa kutofunga.

Watoto na wajawazito

Kadi ya mtoto inakwenda na mtoto kila mahala. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, za surua na rubela miezi 9 na 18, na vitamini A kila miezi sita tangu miezi sita hadi miaka mitano, zote zinasomwa hapo. Ukichelewa, nenda hivyohivyo. Chanjo inaendelea palipoachwa, haianzi upya. Mjamzito afike kabla ya wiki ya 12, na mwanamke wa miaka 30 hadi 50 aulize uchunguzi wa mlango wa kizazi hata kama haumwi.

Siri, kwa mji tunaojuana

Khofu kubwa ya wengi ni kwamba nesi ni mtoto wa shangazi. Ni khofu ya haki, na ina njia. Una haki ya kuonana na daktari peke yako, bila mume, mama mkwe wala mtoto wa kukufasiria. Unaweza kusema mapokezi: “Shida yangu nitaieleza ndani.” Kwa jambo usilotaka lijulikane kabisa, muulize daktari wako akuelekeze kituo chengine cha kupimia, kisha amua nini kiandikwe kwenye faili lako. Lakini dawa unayotumia asifichwe yeye, kwa sababu ndiyo inayogongana na nyengine.

Rufaa, dharura na kuhama

Barua ya rufaa iwe na ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanywa, dawa na dozi zake, na swali analoulizwa bingwa. Ipige picha kabla hujaondoka. Kabla ya kupanda boti ya Mkoani kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, piga simu kuthibitisha siku ya kliniki ya bingwa huyo, maana kila kliniki ina siku yake, na kukosea siku ni kulala mjini kwa gharama zako. Ukishaonekana, dai maandishi ya kurudishia kituoni kwako. Bila hayo, daktari wa nyumbani ataendelea na dawa alizokwishazibadilisha mwenzake.

Kuna wakati wa kukipita kituo na kwenda moja kwa moja hospitali: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea au maneno kuvurugika ghafla (kumbuka saa lilipoanza, watakuuliza), kifua kubana na jasho, pumzi kukosekana, mtoto mwenye degedege au asiyeamka kunyonya, mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa kikali huku macho yakififia. Kituoni wapelekee habari siku ya pili.

Ukihama mtaa au kisiwa, usiondoke kimyakimya. Omba muhtasari wa faili wa ukurasa mmoja: maradhi ya kudumu, dawa za sasa, mzio, chanjo, majibu ya mwisho na tarehe zake. Omba mapema, kwa maandishi ikibidi, na usome kabla ya kuweka mkobani. Kama jina la dawa halisomeki kwako, kwa daktari wa kituo kipya nalo huenda lisisomeke. Chukua na dawa za mwezi mmoja, kwa sababu kituo kipya kitataka kukupima kwanza kabla ya kuendeleza dozi ya mwenzake.